Komeo la Mlango wa Dada

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, watu walipokwisha kusoma khitma na kutawanyika, ami yangu aliniita ukumbini akanitia ufunguo mkononi. Ulikuwa umefungwa kwenye uzi wa kijani ambao mama aliuvaa shingoni miaka yote ile, na uzi bado ulinuka mafuta yake ya nazi.

"Sasa ni wewe," ami alisema. Yeye ni mdogo wa marehemu baba, na ndiye mkubwa wa nyumba yetu hapa Mbwajumali. "Mimi ni mwanamume, siwezi kumwosha wala kumvisha. Na wewe ndiye nduguye wa pekee."

Niliushika ule ufunguo kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto.

Ulikuwa wa kufuli la chumba cha uani. Ndani ya chumba hicho aliishi dada yangu mkubwa, mwaka wa kumi na sita sasa. Mimi nilikuwa nimeolewa, naishi upande wa pili wa kijiji, nafundisha watoto wa chekechea, na kila siku nilipita kwa mama. Dada nilimsalimu kupitia kidirisha. Nilimpitishia maembe, sabuni, nguo mpya za Idi. Lakini kuingia, sikuwahi kuingia. Aliyeingia ni mama, asubuhi na jioni, na kila alipotaka kufungua alitwambia sisi sote tutoke uani.

Sasa mama hayupo, na kwa siku tatu shangazi mmoja alikuwa akimpitishia dada chakula kwa kidirisha kile kile. Hakuna aliyemwambia lolote. Alisikia vilio, akasikia wanaume wakitoka na jeneza, kisha akasikia nyumba ikinyamaza.

Asubuhi ya siku ya nne nikaenda. Mume wangu alikuja nami, nikamwomba asimame nyuma ya ukuta wa jikoni asionekane. Ufunguo uligonga kufuli mara kadhaa kabla ya kuingia. Ndani hakukuwa na sauti. Nikavuta komeo, nikausukuma mlango kwa kidole, nikarudi nyuma hatua tatu.

Dada alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba, ameikunja miguu, uso ameuelekeza kwangu. Nywele zilikuwa na mvi ambazo kwenye kidirisha sikuwahi kuziona.

"Aliyekufa ni nani?" aliniuliza.

Nilikuwa nimejitayarisha kupigwa, kutemewa mate, kusukumwa akimbie. Swali lile sikujitayarisha nalo.

"Ni mama," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa jibu la hesabu aliyokwisha kuipiga mwenyewe. Kisha akasema, "Basi mkaniweka humu, hata uso wake nisiuone," akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha kawaida, cha binti aliyefiwa na mamake. Hicho kilinitisha kuliko kama angenirukia. Miaka yote ile nilikuwa nikijiambia kwamba aliye mle ndani hajui kinachopita.

Nilifunga tena. Nakiri. Nilimwachia chai na mkate, nikavuta komeo, nikatia kufuli, nikaenda kukaa na mume wangu jikoni hadi pumzi zikarudi.

*

Dada aliolewa Chundwa akiwa na miaka kumi na tisa, mimi nikiwa na kumi na moja. Alikuwa mtu wa kucheka, aliyehitimu Kurani mapema, na kwenye maulidi wanawake walikuwa wakimwomba asome yeye. Mwaka uliofuata akapata mtoto wa kike. Mtoto hajatimiza arubaini, dada akaacha kulala. Siku tano, siku sita, macho makavu, anazunguka chumbani. Akaanza kusema kwamba wanawake wa nyumba wamembadilishia mtoto, huyu si wake. Wakwe zake wakaogopa, wakamtoa mtoto mikononi mwake, wakamrudisha dada kwetu. Haukupita muda talaka ikaletwa. Mtoto akabaki Chundwa kwa bibi yake mzaa baba.

Mama alijaribu kila kitu. Dada alisomewa, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Alipelekwa kwa mganga mmoja bara, akafukizwa hadi akazimia, na akarudi na alama mgongoni ambazo mama hakutaka tuziulize. Baadaye akapelekwa hospitali, mbali, akakaa miezi mitatu. Alirudi amenenepa, kimya, na mfuko wa vidonge. Vidonge vilipokwisha, mama alidhani na ugonjwa umekwisha.

Kisha ikaja siku ya mchi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikuwa akitwanga uani, ameuegemeza mchi ukutani apepete. Dada alitoka chumbani, akauchukua, akampiga mama begani. Niliusikia mfupa ukivunjika. Dada akabaki amesimama na mchi mkononi, akimtazama mama kwa mshangao, kama aliyefanya vile ni mtu mwengine. Wiki ile ile ami alimleta fundi akatia komeo kwa nje.

Kwa hiyo nilichokuwa nikiogopa ni sauti ile ya mfupa. Niliisikia kila nilipoushika ufunguo.

*

Tulihamia nyumba ya mama, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka sita. Mume wangu hakupinga. Alisema jambo moja tu: "Mtoto asiwe uani mlango ukiwa wazi." Nilifungua mara mbili kwa siku, kama mama. Nilijifunza kuweka ndoo ya maji mlangoni badala ya kuingia nayo, kuondoa kila kilicho kizito uani, kuzungumza kabla sijaonekana. Nilimwosha nikiwa nimesimama upande wa mlango ili nisizuiwe kutoka. Alijua kwa nini nasimama pale. Siku moja aliniambia, "Geuka unipake sabuni mgongoni. Sitakufanya kitu yeo." Yeo, alisema, yaani leo. Sikujua kesho je.

Muuguzi wa zahanati alikuja kutupa pole ya msiba, mwanamke wa bara aliyekuwa mgeni kijijini. Tukiwa tunakunywa kahawa akasikia mtu akikohoa uani.

"Nani yuko pale?" akauliza.

Wanawake waliokuwepo wakatazama mikeka. Nikamwambia. Nilingoja anilaumu. Hakunilaumu, wala hakuomba kuona. Aliuliza analalaje, anakula nini, lini mara ya mwisho alimeza dawa. Kisha akasema, "Mimi si daktari wa akili, nisikudanganye. Najua kuchoma sindano, na namjua wa kumpigia simu Lamu. Lakini lazima kwanza wamwone."

Kumpeleka Lamu kulinikosesha usingizi wiki nzima. Dada hakuwa ametoka nje ya geti kwa miaka kumi na sita. Tulipanda pikipiki hadi bandari ya Mtangawanda, yeye katikati yangu na dereva, na nilimkumbatia kiunoni nikihesabu pumzi zake. Kwenye boti nilimkalisha mbali na ukingo, nikaukalia upindo wa buibui lake. Niliamini ataruka. Yeye alikuwa akiogopa mambo mengine kabisa: injini, simu za watu, na kwamba hakuwa na viatu vya kutokea bali sandali za mama. Mbele ya daktari alijibu kila swali. Alipoulizwa kama anasikia sauti, alisema, "Ziko. Mbili ni za wanawake wa Chundwa. Moja siijui." Akasema hivyo kama anayetaja majirani.

Tukarudi na karatasi, na sindano ikachomwa hapa zahanati, iwe kila mwezi.

Siku ya pili baada ya sindano ya kwanza, mchana, alianza kupiga kelele. Nilikimbilia kidirishani. Shingo yake ilikuwa imepinda upande mmoja kama inavutwa na kamba, macho yamepanda juu hadi weupe tu unaonekana, na ulimi umetoka hauwezi kurudi. Nilijua nimemuua. Ami alikuja mbio, akamtazama, akaanza kumsomea kwa sauti. "Majini wamempanda kichwani," alisema. "Niliwaambia msiwachokoze."

Nilikimbia zahanati bila viatu. Muuguzi alichukua vidonge fulani vidogo, akaja nami akitembea upesi lakini hakimbii, na njiani akanieleza kwamba ni dawa imeshika misuli, hutokea, itaachia. Sikumwamini. Aliingia chumbani moja kwa moja, mtu ambaye hakuwahi kumjua dada kabla ya mwezi ule, akaketi kitandani, akamkamata kidevu, akampa kidonge na maji kidogo kidogo. "Pole, dada. Najua inauma. Itaachia." Ami aliendelea kusoma mlangoni. Muuguzi akamwambia, "Endelea, mzee. Asikie sauti anayoijua." Baada ya muda shingo ikaanza kulegea. Kabla ya alasiri dada alikuwa anakunywa uji, ametoka jasho, ananitazama mimi niliyekuwa bado nimesimama nje ya kizingiti.

Sikuthubutu kuingia hata siku ile. Aliyeingia ni mgeni.

*

Dawa zilipunguzwa, zikabadilishwa, akapata nyengine za kumeza pamoja na sindano. Ilichukua miezi. Kwanza alianza kuuliza siku za wiki. Kisha akaanza kukaa kizingitini. Kisha akaja jikoni akachambua mchele, taratibu, mikono inatetemeka kwa sababu ya dawa. Binti yangu alimwonyesha madaftari yake ya chekechea. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika kisu cha vitunguu na sikukata hata kitunguu kimoja hadi walipomaliza.

Mwaka ulipoisha mlango ulikuwa haufungwi mchana. Siku moja dada alimwomba mume wangu jambo. "Shemeji, lile komeo nitolee huko nje, unitilie huku ndani. Mwanamke hukaa chumba kisichofungika?"

Mume wangu alinitazama. Nilitaka kukataa. Komeo likiwa ndani nitamfikiaje? Akijidhuru je? Lakini nilishindwa kupata neno la kumwambia dada usoni, nikasema sawa. Mume wangu akalihamisha, akaziba matundu ya zamani kwa chokaa. Siku zile za mwanzo kila dada alipojifungia nilikuwa nikipita na kusikiliza kwenye ubao wa mlango.

Habari zilifika Chundwa kwamba dada anatoka. Ijumaa moja baada ya sala alikuja mwanamke kijana, amejifunika uso. Alipojifunua nilimwona dada yangu wa zamani. Alikuwa ni mtoto wake, ana miaka ishirini na mbili, mara yake ya kwanza kuingia nyumba hii. Hakuomba kuonana na mamake kwanza. Alinivuta pembeni.

"Mama mdogo, naolewa baada ya mwezi wa Mfungo Mosi," alisema. "Nataka unambie kweli. Nikizaa, nitakuwa kama yeye?"

Nilitaka kumwambia hapana. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya binti yangu sikulala vizuri miezi tisa kwa swali hilo hilo, na hakuna niliyemwambia, hata mume wangu.

"Siyui, mwanangu," nilisema. "Mimi nilizaa nikasalimika."

Alitikisa kichwa, machozi yakimdondoka. Kisha akasema, "Haya, nipeleke."

Dada alikuwa ameketi mkekani. Walitazamana. Dada akasema, "Umekuwa mrefu," basi. Akamsogezea bakuli la mchele, wakachambua pamoja bila maneno. Binti akawa anakuja kila Ijumaa.

*

Kosa lililofuata ni langu, nami nalieleza kama lilivyokuwa.

Mwezi wa harusi ulipofika, siku ya sindano iliangukia wiki mbili kabla. Dada akanishika mkono. "Mwezi huu mmoja tu niache. Sindano hunitia uzito. Nitasinzia mbele ya wakwe zake, udenda unitoke, waseme mamake ni gogo. Nataka kuwa macho siku moja maishani."

Alisema kwa akili kamili. Alikuwa mzuri, anatawadha, anapika. Nikaogopa kumkatalia, na ndani yangu kulikuwa na kitu kingine pia: nilitaka kuamini kwamba amepona na mimi nimemaliza. Muuguzi alikuwa likizo bara. Nikanyamaza. Vidonge navyo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akivitia chini ya godoro.

Siku kumi zikapita salama. Kisha nikaona anapiga ua fagio mara tatu asubuhi moja. Nikaona anasimama katikati ya kazi akitega sikio. Nilijua. Nilijua, nikajiambia ni furaha ya harusi.

Siku moja kabla ya nikaha nilirudi kutoka shule adhuhuri nikakuta chumba ki wazi na yeye hayupo. Buibui lake lilikuwa limetundikwa. Alikuwa ametoka na kanga tu. Mume wangu alikuwa baharini akivua kamba. Nilimwachia jirani binti yangu, nikampigia simu mwenye pikipiki, na njia nzima ya Chundwa nilikuwa namwomba Mungu awe amekaa mahali chini ya mti, awe amechoka, asiwe amefika.

Alikuwa amefika. Nje ya nyumba ya harusi wanawake walikuwa wamesimama kundi zima, hakuna anayesema. Watoto wamevutwa nyuma. Dada alikuwa ameketi barazani, peke yake, na mikononi amebeba mtoto mchanga. Alikuwa mtoto wa jirani, wa mwezi mmoja, aliyelazwa mkekani ukumbini wakati mamake anasaidia kupika. Mama huyo alikuwa ameshikwa na wenzake wawili, mdomo ameuziba kwa mkono wake mwenyewe.

"Amesema tukimsogelea atakimbia naye," mmoja aliniambia kwa sauti ya chini.

Baraza lile ni la juu, na chini yake ni mawe. Mtoto alikuwa amelala, kichwa kimening'inia kidogo nje ya mkono wa dada. Nilikitazama kile kichwa.

Nilikwenda polepole nikaketi mwisho mwengine wa baraza. Sikumtazama mtoto.

"Dada," nilisema. "Nimechoka, nimekuja mbio."

"Wameniletea leo," alisema, uso wake umejaa nuru. "Waliniambia amekufa. Mwongo ni yule mkwe wangu. Mtazame, ni yule yule wangu."

"Ana kichwa kizuri," nilisema. "Kishike kiganjani, dada. Shingo yake bado haijakaza."

Akakishika. Nilipumua. Niliendelea kuongea, sikumbuki yote. Nilisema juu ya jua, juu ya mama, juu ya sandali. Kila niliposogea kidogo alimkaza mtoto, nami nikakoma pale nilipo. Wanaume wawili walikuwa wanazunguka upande wa nyuma ya nyumba na mimi nilikuwa nawaona, na nilijua wakimrukia mtoto ataanguka.

Ndipo mlango ukafunguka akatoka bibi harusi. Alikuwa na hina mbichi mikononi, imefungwa kwa vitambaa hadi kwenye viwiko. Alikuja hadi mbele ya mamake, akaketi chini, kwenye jiwe la kukanyagia.

"Mama," alisema. "Ana ndaa."

Dada akamtazama. "Ndiyo," alisema. "Na mimi maziwa yameniisha."

"Basi tumpe anyonye, kisha utamshika tena. Mimi mikono ina hina. Mpe mama mdogo."

Dada alimtazama mtoto, akamtazama binti, akanitazama mimi. Sijui aliona nini. Alimbusu mtoto kwenye paji la uso, akanipa. Nilimpokea, na kabla sijasimama vizuri mamake alikuwa amekwisha kumnyakua. Wale wanaume wakatokea.

Walimlaza dada chini wakamfunga mikono kwa kamba ya mashua. Alilia, "Umesema utanirudishia! Umesema!" Alikuwa akimwambia binti yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Ningeweza kusema msimfunge, naketi naye. Sikusema. Nilikuwa namwogopa tena kama siku ya mchi, na niliifurahia ile kamba. Tulimrudisha Mbwajumali kwenye tuktuk, mikono imefungwa, na mimi mbele na dereva.

*

Muuguzi alipigiwa simu huko likizoni, mwenzake wa zahanati akaja kumchoma dada sindano. Mume wangu alifungua matundu aliyoyaziba kwa chokaa, akalirudisha komeo nje. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, wala aliyemzuia. Nikaha ikapita bila sisi. Wiki tatu nilifungua mara mbili kwa siku na kufunga mara mbili.

Akili iliporudi alikumbuka yote. Hilo sikulitarajia. Alikaa siku nyingi amejifunika kanga usoni. Muuguzi aliporudi kutoka likizo alikuja akakaa nasi mkekani: mimi, dada, ami, na binti kutoka Chundwa na hina yake iliyoanza kufifia. Alikuwa amekasirika, na alinikasirikia mimi. "Ungeniuliza kwa simu," alisema. "Kuna namna ya kupunguza uzito wa dawa bila kuiacha." Kisha akamgeukia dada. "Wewe sema. Ukianza kuumwa tena, unataka tukufanyeje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Ami alikohoa. Dada alivuta nyuzi za mkeka.

"Nikianza kukosa usingizi, mnambie," alisema mwishowe. "Mnambie mato kwa mato, mkinitazama, msinong'one. Nitachukia, lakini mnambie. Sindano hata nikikataa, mnikumbushe siku ya mtoto. Na msinifungie mkaenda zenu. Ikiwa ni kufunga, fungeni, lakini mtu awe ndani nami."

Wote walinitazama. Mtu huyo ni mimi, nani mwengine. Nilisema sawa.

Komeo likarudi ndani. Na tangu siku hiyo imetokea mara moja tu. Ilikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, dawa haikufika kisiwani kwa wiki moja na siku kadhaa. Aliniambia mwenyewe: "Nimeanza kusikia." Niliomba ruhusa shuleni, nikampeleka binti yangu kwa ami, nikaingia chumbani mwa dada asubuhi, na komeo tukalivuta sisi kwa ndani. Siku mbili. Aliketi kitandani, mimi mkekani karibu na mlango. Wakati mwengine alikuwa akijibizana na watu nisiowaona, mara nyengine akawa ananitazama bila kupepesa na mimi nikawa nasoma moyoni kila nilichokijua. Kuna saa alishuka kitandani ghafla. Nilijikunja, nikakinga kichwa kwa mikono miwili. Alipita akachukua kikombe cha maji, akanywa.

"Umeniogopa," alisema.

"Ndiyo."

"Unadhani mimi hainitishi?" Akarudi kitandani. "Hebu nisomee ile ya mama."

Nikamsomea Yasini, nikikosea, akinisahihisha. Siku ya tatu dawa ikafika Mtangawanda.

*

Binti yake alishika mimba mwaka huu. Aliponiambia, nilimkumbatia, kisha nikaenda msalani nikakaa huko. Muuguzi aliandika kwenye kitabu chake cha kliniki habari zote za mamake, akawaambia wa Lamu, na akazungumza na mumewe kijana, ambaye alisikiliza yote ameshika magoti. Akatuambia la kuangalia: usingizi. Mzazi huamshwa na mtoto, hilo ni la kawaida. Lakini mtoto akilala, na mama hawezi kulala, na siku ya pili hawezi tena, tusingoje.

Alijifungua Lamu, mtoto wa kiume, salama. Sasa yuko Chundwa na leo ni siku ya ishirini na tisa. Dada huenda asubuhi, ananyoosha nguo za mtoto, anapika uji wa pilipili manga, na wanawake wa nyumba ile, ambao baadhi yao walikuwepo siku ya baraza, humkaribisha. Hawamwachi peke yake na mtoto. Anajua, na hajawahi kuomba aachiwe. Akibeba, hubeba akiwa ameketi chini.

Mimi hubaki Mbwajumali kwa sababu ya shule, na kila siku saa ya mapumziko humpigia simu binti huyo. Huuliza neno moja: umelala? Mwanzoni alikuwa akinijibu kwa upole. Leo amenijibu kwa hasira, sauti nzito ya mtu aliyeamshwa.

"Nimelala, mama mdogo! Nilikuwa nimelala sasa hivi hadi maziwa yamenilowesha nguo, wewe ndiye uliyeniamsha!"

Nilimwomba radhi. Nyuma yake nilimsikia dada akicheka, akimwambia amfute mtoto shavu. Nikakata simu, nikarudi darasani, na ilinibidi nishike meza kabla ya kuwaambia watoto wafungue madaftari.